Ua wangu umekufa kaka

Kaka, habari za Lushoto na hiyo baridi yenu? Huku wote wazima. Najua toka msiba wa bibi nimekaa kimya, nitajieleza siku nyingine, leo nina shida.

Unakumbuka ule ua wa mikrismasi uliyoniletea miche yake kwenye boksi la nyanya? Ulishanipita urefu, kijani mpaka raha, vumbi la barabarani haliingii. Sasa ukawa umevimba umemeza njia, nikaita kijana mwenye mashine nikamwambia punguza kidogo. Alipunguza bwana! Akaingia mpaka kwenye matawi ya kahawia yasiyo na jani hata moja. Mimi nikasema utachipua tu, mbona mkaratusi ukiukata shina linatoa machipukizi kibao. Wiki ya sita hii hamna kitu, ukikaa barazani unaona miguu ya wapita njia na mbuzi wa jirani keshapata geti lake.

Nikaenda kwa mzee mmoja wa kitalu pale Tengeru, akanicheka kwanza. Anasema saiprasi, ndiyo hiyo mikrismasi yangu, ukishaigusa kwenye kahawia hairudi, unatakiwa unyoe ncha za kijani tu, kidogo kidogo, toka ikiwa ndogo. Hukuniambia wewe? Au uliniambia nikawa nagombania mbavu na Salumu.

Halafu kumbe mimi miaka yote kila chenye sindano naita mkrismasi. Mzee kanishikisha vitawi. Saiprasi ina magamba yamelaliana kama ya samaki na vitunda vya duara vigumu. Paini sindano ndefu, zimeshikana tatu tatu. Cha tatu akasema vuta sindano moja, nikavuta ikachomoka kwenye pingili, nikavuta tena ikachomoka nyingine! Mvinje ule, wa ufukweni kule tulikokuwa tunalala chini yake, na wala sio ndugu yake paini. Nimerudi nacho nyumbani nachomoa pingili mpaka mama watoto akaniuliza kama niko sawa.

Yeye anataka miashoki kama ya kwa dada yake Dar, yale majani marefu yenye mawimbi. Mizuri, sikatai, ila ile ni ya kuziba dirisha la ghorofa, mbuzi anapita chini anasalimia. Mzee wa kitalu ananishauri michongoma, miba yake hata kuku anafikiria mara mbili, lakini nina watoto wa mpira mimi. Roho yangu iko kwa mtarakwa, vile vitunda vyake vya bluu kama punje za pilipili manga, mbao yake mchwa wanaiogopa, ni mti wetu, basi tu unakua polepole, ua wenyewe nitauona nina mkongojo. Na sijui kama nao ukikatwa ni yale yale…

Sasa niambie, mtarakwa unavumilia kunyolewa au nauonea? Nikipanda michongoma upande wa barabara na mitarakwa michache kule pembeni itagombana? Visiki vya saiprasi nivingoe kwanza au napanda katikati yake? Miche huko Shume bado inapatikana, bei gani, na Salumu bado anakuja na Fuso huku? Nataka niwahi masika. Jibu upesi kaka, jirani kaanza kunisifia majani, anasema mbuzi wake ananenepa.