Kuchoma taka si kuzimaliza

Mhariri,

Nipe nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo moja kuhusu namna tunavyofundishana uchafuzi wa mazingira. Kila mara orodha ni ile ile: uchafuzi wa hewa, wa maji, wa ardhi, halafu kelele inatajwa mwishoni harakaharaka kama mgeni aliyechelewa. Kwenye karatasi ya mtihani orodha hiyo inapata alama zote. Tatizo linaanzia nje ya darasa, kwa sababu inatuzoesha kudhani kwamba kila uchafu una chumba chake, na ukishatolewa humo umekwisha. Anayechoma jalala anaamini amesafisha ardhi, na kiwanda kinachorefusha dohani kinaamini kimesafisha hewa, kumbe wote wamehamisha tu.

Chukua hilo jalala linalowaka. Moto wa taka za nyumbani si moto wa tanuri. Ndani mna maganda mabichi, nepi, karatasi zilizolowa, na joto jingi linaishia kukausha maji hayo. Juu panawaka, chini panafukuta siku mbili tatu kwa kuwa hewa haipenyi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria inayalazimisha matanuri ya kuteketezea taka kuzishikilia gesi zake kwenye nyuzi 850 za Selsiasi kwa sekunde mbili angalau, na taka za hatari zenye klorini nyingi zinadai nyuzi 1,100. Rundo la nyuma ya nyumba halidumishi joto hilo. Hata pale ndimi za moto zinapokuwa kali, gesi inapaa na kupoa kabla haijaungua ikaisha. Kinachotoka ni moshi wa vitu vilivyoungua nusu: masizi, kaboni monoksaidi, benzini, na ukoo mzima wa sumu ziitwazo dayoksini.

Dayoksini zinahitaji klorini, na klorini imejaa kwenye plastiki ya PVC, ile ya mabomba na ya maganda ya nyaya za umeme. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC tupu ni klorini. Moshi unapopoa na kupita kati ya nyuzi 450 na 200 hivi, klorini hiyo inakutana na kaboni ya masizi na sumu inaundwa hapo, pembeni ya moto wenyewe. Shaba inachochea kazi hiyo. Ndiyo maana kuchoma nyaya ili kupata shaba ni miongoni mwa mioto michafu kabisa ya taka: plastiki yenye klorini na kichocheo chake vimefungwa pamoja kwenye waya mmoja. Kisu cha kuchunia waya kinatoa shaba ile ile bila moshi, tena shaba isiyoungua ndiyo anayoipenda mnunuzi wa vyuma chakavu.

Sasa ufuate moshi huo. Dayoksini haziyeyuki kirahisi kwenye maji, zinapenda mafuta. Zinatua kwenye majani na udongo, ng'ombe anakula majani, kuku anadonoa udongo, na sumu inajikusanya kwenye maziwa na kiini cha yai. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 90 ya dayoksini zinazomfikia binadamu hupitia chakula, hasa nyama, maziwa na samaki. Zikishaingia mwilini, huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua nusu tu. Ile kali kuliko zote iliwekwa mwaka 1997 kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu; dayoksini kwa ujumla huvuruga homoni, kinga ya mwili na ukuaji wa mtoto tumboni. Aliyefunga dirisha moshi ulipopita anaweza kukutana nao kwenye yai wiki kadhaa baadaye. Huo tuuandike kwenye safu ipi ya orodha yetu?

Na jivu? Metali haziungui. Risasi na kadimiamu zilizokuwa kwenye rangi, betri na plastiki nyingi hubaki humo, tena zikiwa zimekolea kuliko zilivyokuwa kwenye taka. Jivu la kuni safi linafaa shambani. Jivu la jalala lisimwagwe kwenye bustani ya mboga hata kidogo.

Madhara ya moshi kwa mapafu yamesemwa sana, nitaongeza moja tu. Chembe zinazoua zaidi ni zile zisizozidi mikromita 2.5, ambazo unywele mmoja unazishinda unene mara 20 na zaidi. Pua na kohozi havizinasi. Zinafika mwisho wa mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu, kwa hiyo zinaleta kiharusi na ugonjwa wa moyo pamoja na kikohozi. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo.

Upande wa maji, watu hutafuta sumu wakati mara nyingi samaki wamekosa pumzi. Maji yenye joto la nyuzi 25 yakishiba oksijeni hubeba miligramu 8 hivi tu kwa lita. Majitaka ya nyumbani yasiyosafishwa, bakteria wakianza kuyaozesha, hudai miligramu 200 hadi 300 za oksijeni kwa lita. Piga hesabu: lita moja ya majitaka inaweza kumaliza oksijeni ya lita 30 za maji safi. Mbolea iliyosombwa na mvua hufika kwenye matokeo hayo hayo kwa njia ndefu zaidi. Naitrojeni na fosforasi zinastawisha mwani, mwani ukifa unaozeshwa, na kuoza kunakula oksijeni. Mchana mwani hai unatoa oksijeni, usiku nao unaitumia, kwa hiyo kiwango cha chini kabisa huwa alfajiri. Anayetaka kujua hali ya bwawa asiende saa sita mchana. Aende kabla jua halijachomoza, aangalie kama samaki wanahema juujuu midomo wazi. Na maji ya moto yanayotoka viwandani, hata yakiwa masafi kama ya kunywa, yanazidisha tatizo, maana maji yakipata joto uwezo wake wa kubeba oksijeni unapungua.

Kosa jingine linalojirudia ni imani kwamba kuchemsha maji kunaondoa kila kitu. Kuchemsha kunaua vijidudu, na hilo ni jambo kubwa. Lakini naitreti (chumvi ya naitrojeni), risasi, aseniki na floraidi haviuawi kwa moto, na kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo vinavyokolea. Kikomo cha naitreti cha Shirika la Afya Duniani kwenye maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita, na wanaoumia kwanza ni watoto wa chini ya miezi sita wanaokorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo: naitreti hugeuka naitriti, naitriti inaizuia damu kubeba oksijeni, midomo na kucha zinakuwa za bluu. Chanzo mara nyingi ni choo cha shimo kilicho jirani na kisima, au mbolea ya kupitiliza shambani. Umbali unaoshauriwa sana ni mita 30 kati ya choo na kisima, na sakafu ya shimo iwe mita 2 juu ya usawa wa maji ya ardhini, usawa wa masika wala si wa kiangazi. Mahali penye mwamba wenye nyufa hata mita hizo 30 hazitoshi, kwa kuwa majitaka yanapita kwenye ufa bila kuchujwa. Udongo unachuja vijidudu vizuri kiasi. Naitreti inapita moja kwa moja.

Risasi inastahili kutajwa peke yake. Petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa kwa magari ya barabarani duniani kote mwaka 2021, lakini iliyokwisha kutua kando ya barabara bado ipo, kwa kuwa metali haiozi. Sasa chanzo kikubwa ni betri za magari zinazopasuliwa uani ili kuyeyusha risasi. Anayemwaga maji ya betri chini anamwaga tindikali ya salfa pamoja na chembe za risasi. Mtoto anayecheza hapo na kulamba vidole hufyonza mara 4 hadi 5 ya kiasi ambacho mtu mzima angefyonza kutoka kwenye dozi ile ile, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Akili inayopotea hapo hairudishwi na dawa. Betri nzee iuzwe nzima, ikiwa imesimama, na maji yake yakiwa ndani.

Historia imeshaonyesha kuhamisha kunavyofanya kazi. Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliifunika London kwa siku tano. Hesabu za wakati ule zilitaja vifo vya ziada 4,000, na uchambuzi wa baadaye ukafikisha 12,000. Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ikafuata, na madohani yakaendelea kurefushwa. Mji ukapumua. Lakini salfa ilisafiri na upepo hadi Skandinavia, kaskazini mwa Ulaya, ikashuka kama mvua ya tindikali kwenye mito na maziwa ya huko, ikatoa aluminiamu udongoni, aluminiamu ikashika matamvua ambayo samaki hupumulia. Mkataba wa kudhibiti uchafuzi wa hewa unaovuka mipaka ulisainiwa Geneva mwaka 1979. Kilichopunguza tatizo hasa ni kuondoa salfa kwenye mafuta na kwenye moshi kabla haujatoka. Urefu wa bomba ulibadilisha anwani ya mpokeaji tu.

Kelele, yule mgeni aliyechelewa, ndiyo pekee isiyoacha mabaki: ukizima spika imekwisha papo hapo. Kwa hiyo ingekuwa rahisi kuliko zote kuimaliza, na bado ndiyo tunayoipuuza zaidi. Mfanyakazi anaweza kukaa kwenye kelele ya desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, yaani 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2. Seli za sikio la ndani zikishakufa hazioti tena.

Tufanye nini na taka basi? Tenga mbichi na kavu jikoni penyewe, kwa sababu mchanganyiko ndio unaofanya taka zikose mnunuzi. Takwimu za Benki ya Dunia za 2018 zinaonyesha asilimia 44 ya taka za duniani ni mabaki ya chakula na majani. Hizo ni mboji. Rundo liwe na mita moja kila upande angalau, maana dogo zaidi halishiki joto. Weka ujazo mmoja wa mabichi kwa miwili au mitatu ya makavu, liwe na unyevu wa sponji iliyokamuliwa, na uligeuze kila wiki. Katikati pafike nyuzi 55 hadi 65. Likinuka yai viza, limelowa na limekosa hewa, ongeza makavu na ugeuze. Likitoa harufu kali ya mkojo, mabichi yamezidi.

Chupa za viuatilifu zioshwe mara tatu papo hapo, kabla dawa haijakauka: maji robo ya chupa, tikisa nusu dakika, mimina kwenye bomba la kupulizia na si mtaroni, kisha toboa chupa isije ikageuzwa ya maji ya kunywa. Oili chafu iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko bila kuchanganywa na petroli wala maji, maana ikichanganywa wasafishaji wa mafuta hawaipokei. Kuipaka mbao dhidi ya mchwa au kuimwaga uani kuzuia vumbi ni kuipeleka kisimani taratibu.

Na pale ambapo hakuna gari la taka kabisa? Nitasema lisilopendeza: plastiki kavu iliyorundikwa au kufukiwa juu ya usawa wa maji, mbali na kisima, ina madhara machache kuliko ile ile ikichomwa. Si suluhisho, ila angalau inabaki mahali inapoweza kufukuliwa siku mnunuzi akipatikana.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Waandishi wako wanaporipoti siku ya usafi, picha ya mafagio itoshe moja. Walifuate lile gari lililobeba taka waone linamwaga wapi, dampo limetandikwa nini chini, na yale maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye rundo yanaelekea kisima cha nani.

Msomaji wako,
Mpima maji na hewa