Theluji ya Buffalo si ya New York nzima

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Gazeti lako liliandika kwa herufi kubwa kwamba New York itazikwa na theluji ya mita moja. Siku chache baadaye mkachapa maoni ya msomaji aliyesema watabiri wa Marekani ni waongo tu kama wa kwetu, maana ndugu yake wa Brooklyn hakuona hata chembe. Mimi naishi Buffalo, jimbo hilohilo la New York. Kutoka hapa hadi Brooklyn ni kama kilomita 600 kwa barabara, mbali kuliko Dar es Salaam na Dodoma. Theluji ilianguka, tena nyingi, ila hata hapa kwetu si kila mtaa ulioipata.

Kazi yangu ni kuendesha gari linalowapeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu. Mgonjwa wa figo huwezi kumwambia avumilie hadi wiki ijayo, kwa hiyo utabiri nausoma kwa makini, mstari kwa mstari, kabla sijawasha gari. Nitaeleza ninachokitazama, na msomaji mwenye ndugu huku ataelewa kwa nini namba moja iliyopachikwa jimbo zima haimsaidii.

Cha kwanza ni saa. Ukingo wa hewa baridi, yaani mahali hewa baridi inaposukuma hewa ya joto, ukikaribia, upepo huvuma kutoka kusini, kunakuwa na joto kidogo, pengine mvua ya kawaida. Ukingo ukipita, upepo hugeuka ghafla kuja kutoka magharibi. Matone kwenye kioo cha gari huanza kugonga kama punje za mchele, kisha kila kitu kinakuwa cheupe na taa za gari la mbele zinapotea. Theluji ya ukingo wenyewe mara nyingi ni sentimita mbili tatu, na inaweza kwisha kwa nusu saa. Lakini hiyo nusu saa ndiyo inayoua watu barabarani, kwa kuwa lami iliyolowa mvua inaganda papo hapo. Kichwa cha habari kinachohesabu mita tu hakitaji hatari hii hata kidogo.

Mzigo wenyewe hufuata nyuma, na hutoka ziwani. Ziwa Erie lina urefu wa karibu kilomita 390, limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na Buffalo iko kwenye ncha yake ya mashariki. Novemba maji yake bado yana akiba ya joto la kiangazi. Hewa baridi ikipita juu yake hunyonya joto na unyevu, hupanda, hufanya mawingu, na mawingu hayo hujipanga mstari mmoja mwembamba. Wataalamu hupima joto la uso wa maji na joto la hewa iliyo kama mita 1,500 juu. Tofauti ikifika nyuzi 13 za Selsiasi, ujue ziwa limeamka.

Sasa swali ni mstari huo utashukia wapi, na hapo mwenye kauli ni upepo. Ukivuma kutoka kusini-magharibi, unapita ziwa lote kwa urefu na kumwaga mzigo mjini Buffalo. Ukigeuka kidogo kuwa wa magharibi, mji unapumua na wanaopata ni Hamburg na Orchard Park, upande wa kusini. Piga hesabu mwenyewe: upepo uliosafiri kilomita 100 ukibadili uelekeo kwa nyuzi 10 tu, mstari unasogea kilomita 17 hivi. Kilomita 17 hapa ni tofauti ya mtu kufagia ngazi kwa ufagio na mwenzake kushindwa kufungua mlango. Novemba 2014, kijiji cha Cowlesville kilipata zaidi ya mita mbili kwa siku chache, huku mitaa ya kaskazini mwa Buffalo ikipata sentimita chache tu. Mkazi wa Dar ambaye amewahi kulowa Tegeta akakuta Mbagala vumbi hahitaji kufundishwa jambo hili.

Huyo msomaji aliyeita watabiri waongo ningependa aitazame Desemba 2022. Siku kadhaa kabla, ofisi ya Huduma ya Taifa ya Hali ya Hewa ya hapa Buffalo ilikuwa imeshatangaza dhoruba ya aina yake, na siku ikaitaja: Ijumaa, tarehe 23. Ukingo ulipita asubuhi hiyohiyo. Marufuku ya magari ikaanza saa tatu na nusu asubuhi, wakati watu wengi wameshaingia kazini. Hali ya dhoruba kali ilidumu saa 37, uwanja wa ndege ukapima jumla ya sentimita 132 kwa siku kadhaa, na watu zaidi ya 40 wakafa katika kaunti yetu ya Erie, wengine ndani ya magari yao. Utabiri ulikuwa sahihi. Waliochelewa ni wenye mamlaka ya kufunga barabara na waajiri. Kampuni niliyokuwa naifanyia kazi wakati ule, sitaitaja, ilitutumia ujumbe Alhamisi usiku kwamba ratiba ni ileile. Wagonjwa wangu wawili walinusurika kwa sababu muuguzi mmoja aliwaita mapema, Alhamisi mchana, kwa akili yake mwenyewe. Huyo alikuwa ameusoma utabiri na kuuamini.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni dogo. Mkiandika habari za theluji, tajeni mji au kitongoji, acheni jimbo. Andikeni kiwango cha chini na cha juu kama watabiri wenyewe wanavyofanya, kwa maana mwisho wa mstari ule wa mawingu hauwezi kujulikana mtaa kwa mtaa siku tatu kabla. Wekeni na saa inapoanza, tena kwa saa za huku na za huko: majira ya baridi tunapishana saa nane, kwetu ikiwa saa moja asubuhi Kigoma ni saa tisa alasiri. Maelezo ya ofisi ya Buffalo hutolewa bure zaidi ya mara moja kila siku, na mwandishi wenu yeyote anaweza kuyasoma. Wapo Wakongo na Warundi wengi hapa mjini ambao habari za Kiingereza zinawapita, na gazeti lako wanalisoma kwenye simu.

Dereva, mzaliwa wa Kigoma
Buffalo, New York