Nekesa, niombee saa moja na Babu

Wandegeya, Jumapili usiku

Mpendwa dada Nekesa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mvua za wiki hii hazituachi hata nguo kukauka. Najua nimekaa kimya tangu Idi. Ulipouliza habari za Sumaya nilisoma, nikasema nitajibu kesho, na kesho haikufika. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Nisamehe.

Nina ombi, na linamhusu Babu. Lakini nikikuomba tu bila kukueleza nilivyofika hapo utaona ni jambo dogo, kwa hiyo nivumilie.

Nilikwambia sura ya pili ya utafiti wangu imekwisha. Haikuwa imekwisha. Msimamizi aliirudisha, sentensi moja imezungushiwa wino mwekundu: "Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Uganda mwaka 1973." Pembeni ameandika: Nani kasema? Wapi? Kwa neno gani? Kurasa arobaini, na yeye ameshika sentensi moja! Nililia usiku ule, nikaona ananionea. Sasa sioni hivyo.

Maana nilipoanza kutafuta, kitabu kimoja kiliniambia 1973, kingine 2005, na habari za kwenye intaneti 2022. Nilitaka kuchagua mmoja na kuitupa mingine. Mama mmoja wa maktaba pale Makerere ndiye aliyenizuia. Alichukua karatasi, akachora mstari katikati, akaniambia kushoto niandike maneno yenyewe kama yalivyochapishwa, kulia niandike swali langu. Muhtasari hakuutaka.

Nekesa, nilikaa na karatasi ile tangu saa tatu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Ule wa 2005 ni wa marekebisho ya Katiba, kifungu cha 6: Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, kitumike katika hali ambazo Bunge litaziweka kwa sheria. Na Julai 2022 ni Baraza la Mawaziri lililoidhinisha kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Mambo matatu mbalimbali, na mimi nilikuwa nimeyakoroga katika sufuria moja. "Taifa" na "rasmi" nilikuwa nikiyasoma kama neno moja.

Lililoniuma zaidi ni hili. Nilikuwa na makala tatu zinazosema kitu kilekile kuhusu tangazo la Amin, nikajua nina mashahidi watatu. Nikafuata tanbihi. Ya tatu imetoa kwa ya pili, ya pili kwa ya kwanza, na ya kwanza haisemi imetoa wapi. Shahidi alikuwa mmoja, amebadilisha kanzu mara tatu. Ndiyo sababu nimeomba nitolewe magazeti ya Voice of Uganda ya mwaka ule niyaone kwa macho yangu. Nitajua wiki ijayo.

Nakasirika nikifikiri tulivyosomeshwa. Mwalimu anajaza ubao, sisi tunanakili, mtihani ukija tunamwaga kila kitu kama kilivyo. Nilikuwa wa kwanza darasani, unajua mwenyewe, na nimefika mwaka wa tatu wa chuo bila kuwahi kukiuliza kitabu swali. Hao watoto wako wa darasa la sita, tafadhali, wasomee aya moja tu kwa wiki, kisha waulize huyu aliyeandika amejuaje. Aya moja inatosha. Mimi sasa nasoma kurasa kumi pale ambapo zamani ningepitisha sitini, na zile kumi ninazo kichwani.

Nilisahau kukwambia, ile Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoshughulikia kusanifisha lugha yetu, ilihamia Makerere mwaka 1952. Makerere hiihii! Na sisi wa Busia tukifungua mdomo hapa Kampala tunaambiwa tunasema lugha ya askari. Nataka sana kuliandika hilo vizuri, lakini bado sijapata...

Turudi kwa Babu. Wewe ndiwe uliyenisimulia kwamba siku ya tangazo lile alikuwa Tororo, lori lake linapakiwa, redio ikawashwa dukani watu wakasogea. Namwomba saa moja tu. Sitaki anithibitishie nilichosoma, nataka aniambie alichosikia kabla sijamwambia lolote. Kwa hiyo nakusihi usimtajie mwaka. Hata neno "rasmi" usilitamke mbele yake. Mwambie tu Halima anakuja kuuliza habari za siku za lori. Akichanganya na Kisamia nitaandika hivyohivyo, na asipokumbuka nitaandika kwamba hakumbuki.

Bado anasikia vizuri, au nikae upande wa sikio la kulia kama zamani? Ni bora nije asubuhi baada ya chai, au jioni akiwa barazani? Kumtaja Amin hakutamuumiza, kwa yale yaliyompata ndugu yake? Je, atakubali nimrekodi kwa simu, au nimwombe Mama amwambie kwanza? Na yule rafiki yake wa Malaba aliyekuwa utingo wake, yupo hai? Nimletee nini, bado anapenda ile mikate ya Kampala? Wewe mwenyewe je, mguu umepona? Jumamosi hii uko nyumbani, au mna kikao cha wazazi? Ukinijibu kabla ya Alhamisi nitapanda takisi ya kwanza ya alfajiri.

Wako,
Halima