Kidonge cha kila siku, bamama

Jambo bamama. Wawili kati yenu walinipigia jana: wameacha tamoksifeni, kidonge chetu cha kansa ya titi, kwa sababu ya lile joto la ghafla usiku. Nawaelewa, hata baridi ya Bukavu hailizimi! Lakini kidonge hiki humezwa kila siku kwa miaka 5, wengine hadi 10, maana kinazuia estrojeni, homoni ya kike mwilini, isilishe chembe za kansa zilizojificha. Hata ukijisikia mzima, kingali kazini. Usiache kabla ya kumwambia daktari. Huenda akapata njia ya kukupunguzia taabu. Ukisahau leo, kesho usimeze viwili. Anayebakiza vidonge vya siku kumi aandike hapa, tusije tukazunguka farmasi za Kadutu usiku. Jumamosi saa nane kwangu Nguba, chai ipo.