Wifi yangu, kabla hujatoa kadi ya benki

Wifi yangu,

Picha ya kile kipeperushi cha kampuni inayolipwa kuhifadhi damu ya kitovu cha mtoto nimeifungua mara tatu tangu juzi. Mtoto mchanga kalala kiganjani mwa mtu, chini yake maandishi ya bluu kwamba nafasi hii haiji mara mbili, na punguzo linaisha Ijumaa. Wewe ukaandika maneno mawili tu: "Wifi, tulipe?" Nilikuwa zamu ya usiku nyumba ya wazee, nikakujibu tutaongea. Naandika hapa mbele za watu, kwa ruhusa yako na bila jina lako, maana wewe ni wa nne kuniuliza mwaka huu.

Kwanza niungame. Mimi nililipa. Mwanangu alipozaliwa mwaka 2016 nilitoa dola 1,700 kwa kadi ya mkopo, na kila Septemba tangu hapo natoa 150. Hakuna aliyenishika mkono. Yule dada wa kampuni alinipigia mimba ikiwa ya miezi minane, miguu imevimba mpaka viatu vya mume wangu ndivyo vinavyonitosha, akaniuliza kwa upole: mtoto akija kuugua saratani ya damu, utajisikiaje ukikumbuka dawa yake ilitupwa kwenye ndoo ya hospitali? Ukiulizwa hivyo katika hali ile, hesabu zote zinatoka kichwani.

Damu yenyewe si utapeli. Ile inayobaki kwenye kitovu na kondo la nyuma mtoto akishatoka ina seli shina, zile zinazozaa chembe za damu, sawa na zilizomo kwenye uboho wa mifupa. Oktoba 1988 pale Paris, Dk. Eliane Gluckman na wenzake wa hospitali ya Saint-Louis walimpandikizia mtoto wa miaka mitano kutoka Marekani, mwenye anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu uboho, damu ya kitovu cha mdogo wake wa kike. Akapona, akakua hadi utu uzima. Leo waliopandikizwa damu ya aina hiyo duniani wamepita 40,000.

Ila rudia hapo: kitovu cha mdogo wake. Damu ya kitovu chake mwenyewe isingemfaa kitu, kwa kuwa kasoro ile alizaliwa nayo na imo katika kila seli. Selimundu, nao ugonjwa wa damu wa kurithi, ni hivyohivyo. Hata saratani ya damu ya utotoni, madaktari husita kumrudishia mtoto damu yake, maana chembe za kwanza za ugonjwa huenda zilikuwamo tangu tumboni. Ndiyo sababu chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, toka mwaka 1999, hakiungi mkono wazazi kulipia hifadhi hiyo kama bima ya mtoto, ila kinahimiza kuchangia benki za umma, ambako damu humwendea yeyote anayelingana nayo. Italia imekataza kabisa benki za kulipia nchini mwake. Mimi nilikuwa nanunua bima inayokataa kulipa kwenye magonjwa yaleyale niliyotishwa nayo.

Na kuna suala la kiasi, ambalo lilinichoma zaidi. Wiki mbili baada ya kujifungua waliniletea barua: tumepata mililita 41, hongera. Nikaiweka kwenye faili pamoja na cheti cha kuzaliwa. Miaka mitatu ikapita ndipo rafiki yangu muuguzi wa wodi ya saratani akanieleza kwamba dozi hupimwa kwa uzito wa mgonjwa. Mfuko unaomtosha mtoto mdogo haumtoshi kijana, na mtu mzima mara nyingi hupewa mifuko miwili ya watu wawili. Benki ya umma ikipata mfuko mdogo kama wangu huukataa, haina sababu ya kugharamia kitu kisichotumika. Ya kulipia huupokea, kwani ada ni ileile. Mwanangu sasa ana kilo 34 na mililita zake 41 zimelala kwenye nitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwaka 2024 gazeti la The New York Times lilichapisha uchunguzi mrefu juu ya biashara hii, mifuko midogo na mingine yenye bakteria. Niliusoma kwenye basi nikitoka kazini, nikapitiliza kituo.

Bibi yetu, ukimkumbuka, alikizika kitovu cha mumeo chini ya ule mwembe wa nyuma ya jiko. Hakuna aliyemtumia bili. Na mwembe haufilisiki, tofauti na Cryo-Save, benki ya kulipia kule Ulaya iliyoanguka mwaka 2019, wazazi wakaja kusikia kuwa damu za watoto wao zimehamishiwa Poland.

Ningeishia hapa kama ungekuwa mimi. Lakini wewe una mkubwa wako mwenye selimundu, na hilo linageuza kila kitu.

Wewe ni AS, yaani umebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua, mumeo, kaka yangu, naye ni AS, mkubwa akatoka SS, mwenye viwili, ndiyo maana anaugua. Huyu wa tumboni ana nafasi tatu kati ya nne za kutokuwa SS. Kulingana kikamilifu na kakaye kwa aina ya tishu, ili mwili wa mgonjwa upokee damu yake, kwa ndugu wa baba na mama mmoja, ni nafasi moja kati ya nne. Vinasaba vya selimundu na vya kulingana havifuatani, kwa hiyo unazidisha: nafasi 3 kati ya 16 kwamba atakuwa salama na pia atalingana. Ni ndogo, najua. Ila si sawa na ndoto niliyouziwa mimi. Mgonjwa tunaye, ana jina, na mwezi wa pili alilazwa siku tisa kwa maumivu.

Basi usilipe, lakini usiache. Piga simu kliniki ya damu anakotibiwa mkubwa, zungumza na daktari wake, si na mwenye kipeperushi. Mwambie una mimba ya wiki 29 na unataka damu ya kitovu ihifadhiwe kwa ajili ya ndugu mgonjwa. Huko Marekani zipo benki zinazokusanya na kutunza bila malipo kwa familia yenye mtoto wa namna hiyo, ila daktari ndiye anayejaza fomu, na vifaa lazima vifike kabla ya uchungu. Ukisubiri mwezi wa tisa wa mimba umechelewa.

Jingine, ongea mapema na mkunga kuhusu kubana kitovu. Shirika la Afya Duniani linashauri kisibanwe kabla ya dakika moja kupita, ili mtoto apate damu yake na akiba ya madini ya chuma. Ukingoja hivyo, inayobaki kwa ajili ya mfuko hupungua. Kwa watu wengi jibu ni rahisi, mtoto apate kwanza. Kwenu mna mgonjwa wa kufikiria, kwa hiyo daktari wa damu na wa uzazi wakubaliane mkiwa mezani, asije mtu akaamua mlangoni mwa leba.

Na njia hizo zikikosekana zote, mfuko ukawa mdogo au kitovu kikakatwa haraka kwa dharura, usilie. Mtoto akilingana, uboho wake utakuwapo akikua kidogo. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ilianza mwaka 2023 kupandikiza uboho watoto wenye selimundu, na watoaji ni ndugu zao. Kaka anasema Dodoma ni mbali na kwenu Ohio. Nimemwambia si mbali kuliko wodi aliyokaa mwanawe mwezi wa pili.

Kliniki inafunguliwa Jumatatu saa mbili. Ile Ijumaa ya punguzo iache ipite.

Nami Septemba bili itakuja tena. Kila mwaka najiambia huu ndio wa mwisho, halafu naikumbuka sauti ya yule dada, natoa kadi.

Wifi yako