Harambee ya mabeseni na viatu kwa wagonjwa wetu wa matende, Mafia

Salaam ndugu zangu wa Mafia, wa kisiwani na nyie mlioko Dar na Muscat, meseji ni ndefu ila naomba mnisome mpaka chini.

Mnakumbuka mwaka 2000 kampeni ya kumeza dawa za matende Tanzania ilianzia hapa hapa kwetu, tukameza ivermectini na albendazoli, na zimesaidia kweli. Ila kuna wenzetu dawa ziliwakuta mguu umeshaharibika. Minyoo ya matende ikishaharibu mishipa ya limfu, ile inayoondoa maji ya ziada kwenye nyama, maji yanatuama mguuni, mwanzoni ukibonyeza kinabaki kishimo, ukilala umeunyanyua asubuhi umeshuka, basi mtu anapuuzia. Miaka ikienda panajaa mafuta na makovu kwa ndani, nyama inakakamaa, ngozi inakuwa nene ina mikunjo, na hapo dawa ya minyoo haiurudishi tena.

Juzi nilikuwa kwa shangazi yetu mmoja muuza vitumbua, nikabonyeza mguu wake kwa dole gumba, haubonyei kabisa, kama gogo la mnazi. Akanionyesha katikati ya vidole, pamechanika, peupe, panatoa maji. Bakteria wanaingilia hapo hapo, wakiingia anashikwa homa, anatetemeka chini ya khanga tatu, mtoki unavimba, siku nne hapiki, na kila homa ikiondoka inauacha mguu mgumu kuliko mwanzo. Hilo ndo linaniuma mie, maana hizo homa nyingi zinazuilika kwa maji na sabuni jamani! Kuosha kila siku, kukausha mpaka katikati ya vidole, kupaka dawa penye michubuko, kuuinua ukikaa. Mguu hauwi kama wa zamani lakini homa zinapungua, harufu inakata, mtu anarudi kwenye biashara yake. Na tuache kusema karogwa.

Tuna wagonjwa 32, tunataka kila mmoja apate beseni lake, taulo mbili, sabuni ya miezi sita na viatu, vya dukani haviwaingii kwahiyo fundi atapita nyumba kwa nyumba kupima mguu. Ni 60,000 kwa mtu, jumla 1,920,000, mpaka jana mfukoni tuna 710,000. Hata buku mbili inapokelewa, na asiye na hela aje Jumapili asubuhi kuchota maji, tunafundishana kuosha. Tuma kwa mweka hazina, namba ile ile ya michango ya misiba, andika MGUU.