Risala ya kikundi cha kiboko wa Baltimore kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti,
Wazee wetu, kina mama, vijana na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama, na tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko wetu kwa mara nyingine. Wapo wanaokuja, wakaahidi, tusiwaone tena. Wewe umerudi, na hilo peke yake limetupa moyo.

Kwa faida ya wageni, mashindano haya ya sanamu zinazoendeshwa kwa miguu yalianzia Ferndale, California, mwaka 1969, pale msanii Hobart Brown alipoiungaunga baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu hadi ikawa na matano. Hapa Baltimore yaliletwa na makumbusho ya American Visionary Art Museum mwaka 1999. Kila Mei timu hukanyaga pedeli karibu maili 15, zikianzia Federal Hill, zikaingia majini Canton, kisha zikapita mchangani na topeni pale Patterson Park. Injini ni marufuku. Anayeharibikiwa kwa namna ya kukumbukwa ana tuzo yake, anayemaliza katikati kabisa ana yake, na wa pili kutoka mwisho naye hasahauliwi. Kwa mashindano ya namna hii, jumuiya yetu ilikuwa imechelewa kujitokeza.

Kikundi chetu, chenye wanachama kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, kilichagua kiboko, mnyama wa majini na nchi kavu. Mafanikio ni mengi. Mifupa yake ya chuma imekamilika kwa kiasi kikubwa. Kinywa kinafunguka kwa kamba. Breki zinashika. Mwaka jana tulifika ukingoni Canton kwa heshima, tena mbele ya timu kadhaa. Yaliyotokea baada ya hapo yameelezwa katika taarifa ya fundi. Aidha, kwa kuwa mashindano haya huruhusu waamuzi kuhongwa vijizawadi hadharani, kina mama walipika maandazi yaliyosifiwa sana. Maandazi hayo ndiyo yaliyopo meza kuu leo. Tunaomba usiyaelewe vibaya.

Sasa, Mheshimiwa, tuje kwenye jambo lenyewe. Hatuna karakana.

Kiboko anajengwa katika ua wa nyuma wa mwanachama mmoja. Nyumba za mtaa ule, kama ujuavyo, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na njia pekee ya kutokea ni kichochoro. Ndiyo maana mwaka jana tuliyabana mapipa ya kuelea chini ya tumbo lake. Pipa la lita 200 lililozibwa vizuri hubeba karibu kilo 200, hivyo kuzama hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kupinduka, maana kichwa ni kizito juu na chini ni kwembamba. Wazee wetu wa Pwani waliokuwa ukingoni walisema palepale: wekeni mbao za ubavuni, mfanye kama ngalawa. Tumezichonga, zipo. Ila zikifungwa, kiboko hatoki uani. Zikifunguliwa, anaenda kupinduka.

Tena mashindano yakiwa Mei, kazi yote huangukia wakati wa baridi. Gundi ya epoksi haikauki kwenye baridi ile, rangi inabambuka, na fundi hawezi kuchomelea vyuma huku theluji inamwangukia. Turubai tulilofunga lilichukuliwa na upepo. Jirani alilirudisha, pamoja na barua.

Suala hili si geni. Limo katika risala ya mwaka juzi, ukurasa wa pili, na katika ya mwaka jana, ukurasa wa kwanza. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alisema tulihesabu limekwisha. Tukalihesabu hivyo, tukauza hema letu. Mwaka jana wewe mwenyewe, kwa ukarimu wako unaojulikana, ulisema utalitazama, na ukumbi mzima ukapiga makofi, video tunayo. Hatusemi umesahau. Mtu mwenye majukumu kama yako hasahau, anapanga. Katibu wetu alipiga simu ofisini kwako akaambiwa upo safarini. Akapiga tena miezi kadhaa baadaye, akakuta safari bado inaendelea.

Kwa heshima na taadhima, tunaomba nusu ya ghala lako, upande ule wenye mlango mpana wa kukunja, kuanzia Desemba hadi siku ya mashindano. Hatusemi tunajua kwamba nusu hiyo iko tupu. Tunasema tu kwamba vijana wetu wawili uliowaajiri ndio huifagia. Upana wa mlango nao tumeshaupima, kiboko anapita na mbao zake zote. Umeme wa kuchomelea tutaulipia sisi, mitungi ya kuzimia moto tunayo, na ufunguo ubaki kwa mlinzi wako.

Jina lako limetengewa ubavu wa kulia wa kiboko, ule unaoelekea kwa watazamaji. Ubavu wa kushoto tumeuacha wazi, iwapo mwingine atawahi.

Jaketi okozi, beringi na minyororo tutachangishana wenyewe. Mahitaji hayo yamo kwenye kiambatisho, wala yasikusumbue leo.

Mwisho, Mwenyekiti amependekeza kwamba baada ya hotuba yako makofi yasubiri hadi tarehe ya kukabidhiwa ufunguo itajwe. Pendekezo hilo ni lake binafsi. Kamati ililijadili, na hakuna aliyelipinga.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Ujenzi